Besi Kibogoyo kwa Mkono Mdogo

Najua nimepotea, na kuna wanaonidai sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata. Itakuja, msinichoke. Leo nataka kuandika juu ya gitaa la besi. Kabla hujaondoka ukidhani umekosea mlango, ngoja nikuambie kwamba ndani yake mna hesabu, mna programu ndogo ya Python, na mna mtu aliyekaribia kushindwa kuandika programu kabisa kwa sababu alinunua ala isiyomfaa. Mtu huyo ni mimi.

Mikono yangu ni midogo. Si midogo ya kusifiwa na shangazi, ni midogo ya kupimwa kwa rula: kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati ni milimita 165. Nikitanua vidole vya mkono wa kushoto bila kujilazimisha, kutoka kidole cha shahada hadi kidole cha mwisho napata milimita 105. Weka namba hiyo ya pili kichwani, tutairudia. Kwenye kibodi ya kompyuta udogo huu haujawahi kunisumbua. Kwenye besi ni habari nyingine.

Besi nilianza kupiga nikiwa chuoni, ile ya kawaida yenye freti. Kwa asiyejua, freti ni vile vijiti vya chuma vilivyopangwa kwa kukingama kwenye shingo ya gitaa. Ukibonyeza uzi nyuma ya kijiti, sauti inatoka sawasawa hata kama kidole kimekaa ovyo. Nilipiga hivyo miaka kadhaa, arusi za marafiki, sherehe za ofisi, bila shida yoyote.

Kisha mjomba akanipigia simu. Mjomba wangu yuko Mombasa na amepiga fidla ya taarabu tangu kabla sijazaliwa. Kundi lao lilikuwa na besi kubwa ya kusimama, ile inayofanana na fidla iliyokula ikashiba, lakini mpigaji wake alikuwa amezeeka na mbao zilikuwa zimepasuka. Akaniuliza kama naweza kuwasaidia. Nikapanda treni na gitaa langu.

Mazoezi ya kwanza hayakwenda vizuri. Mjomba alisimamisha wimbo mara tatu, ya nne akaweka upinde chini.

"Mwanangu," akasema, "besi yako ina meno. Sisi hapa tunakula uji."

Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini alikuwa na maana yake. Udi hauna freti. Fidla haina. Hata ile besi yao iliyopasuka haikuwa nazo. Baadhi ya nyimbo za taarabu zinafuata maqamu za Kiarabu kama rasti na bayati, na humo mna noti zinazokaa katikati ya noti mbili za piano. Wewe mwandishi wa programu utanielewa haraka: freti inakadiria hadi namba kamili iliyo karibu. Ukitaka 3, unapata 3. Ukitaka 3.5, unapata 3 au 4, chagua mwenyewe. Kweli, mpiga besi mara nyingi anaweza kuzikwepa noti hizo na kukaa kwenye noti za msingi, na ndivyo nilivyojaribu kufanya siku hiyo. Lakini fidla na udi wakiteleza kwenda noti fulani, nami nikafika kwa hatua kama za ngazi, kila mtu anasikia kwamba mgeni ameingia na viatu.

"Tafuta kibogoyo," mjomba akaniambia wakati wa kuagana. Tangu siku hiyo besi isiyo na freti ikaitwa kibogoyo katika familia yetu, na nitaiita hivyo hapa.

Nilirudi Nairobi na haraka ya mtu mwenye mshahara mpya. Katika duka moja katikati ya jiji nikakuta kibogoyo kimoja, cheusi, kizuri kupindukia. Muuzaji akaniambia, "Dada, hii ndiyo kubwa ya wanaume, lakini utazoea." Nilipaswa kuisikia sentensi hiyo vizuri. Badala yake nilikaa kwenye kiti, nikapiga dakika kumi upande wa chini wa shingo ambako kila kitu ni rahisi, nikalipa. Uzito kilo 4.4. Urefu wa uzi, yaani kutoka ule mfupa wa juu wenye mifereji ya nyuzi mpaka kwenye daraja, inchi 34. Huo ndio urefu wa kawaida wa besi tangu Fender walipotoa Precision Bass mwaka 1951.

Wiki ya tatu kidole gumba kilianza kufa ganzi. Mwezi wa pili ganzi ilihamia kidole cha shahada na cha kati, na ikawa inaniamsha usiku. Kidole cha mwisho hakikuguswa. Nilidhani ni baridi ya Nairobi. Siku moja nikiwa kazini nilishindwa kushika kikombe cha chai; kilianguka juu ya kibodi, na wenzangu wakadhani ni utani. Mchana huohuo nilishindwa kumaliza mistari ishirini ya programu niliyokuwa nimeahidi mteja. Hapo ndipo nilipoogopa. Besi ni mapenzi, lakini vidole hivi ndivyo vinavyolipa kodi ya nyumba na karo ya mdogo wangu.

Daktari alinigongagonga kifundo, akanikunja mkono, akaniuliza nafanya kazi gani na mchezo gani. Akanieleza kwamba vidole vilivyokufa ganzi vinahudumiwa na neva moja inayopita kwenye njia nyembamba ndani ya kifundo, na kwamba mkono ukikaa umekunjwa, shinikizo ndani ya njia hiyo linapanda. Kunja mkono kwenye kibodi saa nane, kisha ukunje zaidi kwenye besi saa mbili, na neva italalamika. Akaniandikia bendeji ngumu ya kuvaa usiku na wiki sita bila besi. Nilimuuliza kama niache kabisa. Akasema hajui besi, lakini anajua kwamba kitu kinachomkunja mtu namna hiyo hakijatengenezwa kwa ajili yake.

Wiki sita ni nyingi. Nilizitumia kufanya kile nilichopaswa kufanya kabla ya kulipa: kupima.

Hesabu ya freti ni rahisi na ni ya zamani. Chukua urefu wa uzi, gawanya kwa 17.817, hapo ndipo freti ya kwanza. Chukua urefu uliobaki, gawanya tena kwa 17.817, hiyo ya pili. Endelea hivyo. Kwenye inchi 34, ambazo ni milimita 863.6, freti ya kwanza iko milimita 48.5 kutoka mfupa wa juu. Kwenye inchi 30 iko milimita 42.8. Unaweza kudhani tofauti ya milimita sita si kitu. Subiri.

Wapiga besi wengi hufundishwa kuweka kidole kimoja kwa kila freti: vidole vinne, freti nne. Kutoka freti ya kwanza hadi ya nne kwenye inchi 34 ni milimita 130. Mkono wangu una 105. Sasa, kama besi ina freti, unaweza kudanganya. Kidole cha shahada kinaweza kukaa nyuma kidogo tu ya freti ya kwanza, na kidole cha mwisho kinatua popote baada ya freti ya tatu; sauti itatoka ileile. Ukidanganya vizuri unahitaji kama milimita 89 tu. Ndivyo nilivyokuwa nikiishi miaka yote bila kujua kwamba naishi kwa kudanganya. Kwenye kibogoyo hakuna pa kujificha. Noti iko pale mstari ulipo, si nyuma yake wala karibu yake. Milimita 130 ni milimita 130, na mimi nilikuwa nazitafuta kwa kukunja kifundo na kusukuma kiganja mbele.

Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo sijaona likisemwa wazi ni hili: mtu mwenye mkono mdogo anayepiga besi ya inchi 34 yenye freti bila shida hawezi kudhani kwamba kibogoyo cha inchi 34 kitamkalia vivyo hivyo. Vinafanana kwenye picha tu.

Nikaandika programu ya mistari kumi na miwili. Unaipa urefu wa uzi na upana wa mkono wako, inakuambia kuanzia nafasi ya ngapi vidole vinne vinaenea bila kulazimishwa. Kwa milimita 105 zangu jibu lilikuwa: inchi 34, kuanzia nafasi ya tano. Inchi 32, nafasi ya nne. Inchi 30, nafasi ya tatu. Niliitazama skrini kwa muda. Nilikuwa nimetegemea kwamba inchi 30 itamaliza tatizo, kumbe hata humo nafasi mbili za juu, ambako besi inafanya kazi yake nzito, bado hazinifai. Kutoka ya kwanza hadi ya nne kwenye inchi 30 ni milimita 114.

Rafiki yangu mmoja ana U-Bass ya Kala, ile besi ndogo kama ukulele yenye nyuzi zinazofanana na mpira. Uzi wake una urefu wa kama inchi 21. Wiki sita zilipoisha nilimwomba anikopeshe, maana yake haina freti. Ee bwana, raha! Vidole vinne vinaenea kutoka juu mpaka chini, mkono umelala kama umekaa kwenye sofa, na sauti yake ni nzito ajabu kwa kitu kinachoingia kwenye mkoba. Nilipanga kuagiza yangu siku ileile.

Kisha nikajirekodi.

Wanamuziki hugawa nusu toni katika vipande mia na kila kipande wanakiita senti, kwa hiyo na sisi huku tuna senti ambazo hazinunui kitu. Niligundua kwamba kidole changu, nisipotazama, hukosea mahali pake kwa kama milimita nne. Milimita nne kwenye nafasi ya tano ya besi ya inchi 34 ni kosa la senti 11. Kwenye inchi 30 ni senti 12. Kwenye inchi 21 ni senti 17, na ukishuka chini ya shingo linazidi. Senti 11 unaweza kuzirekebisha kwa kuviringisha kidole kabla msikilizaji hajageuka. Senti 17 kando ya fidla ya mjomba ni ugomvi wa kifamilia. Uzi ukiwa mfupi mkono unapumzika, lakini kila milimita unayokosea inakugharimu zaidi. Mtu mwenye sikio kali na kidole makini ataishi vizuri na ile ndogo. Mimi bado.

Katika wiki zile za kuvaa bendeji nilisoma pia historia, na nikakutana na kisa kilichonifariji. Mwaka 1961, Bill Wyman, ambaye baadaye angekuwa mpiga besi wa Rolling Stones, alinunua besi ya bei rahisi aina ya Dallas Tuxedo. Haikumridhisha. Akaukata mwili wake upya, akang'oa freti zilizochakaa kwa nia ya kuweka mpya, akaipiga kidogo kabla ya kuziweka, akaipenda sauti, akaiacha vile. Wengi huitaja hiyo kuwa gitaa la besi la kwanza lisilo na freti. Sasa kilichonifurahisha: Wyman mwenyewe amesema mara nyingi kwamba ana mikono midogo, na maisha yake yote amependelea besi fupi. Kwa maneno mengine, kibogoyo cha kwanza kilikuwa kifupi, cha bei nafuu, kikitoka mikononi mwa mtu mwenye mkono kama wangu. Viwanda vilifuata baadaye: Ampeg mwaka 1966, Fender mwaka 1970, kwa inchi 34 na zaidi. Kisha akaja Jaco Pastorius na Jazz Bass yake ya mwaka 1962, freti zimeng'olewa, mifereji imezibwa, ubao umepakwa epoksi ya mashua, na baada ya albamu yake ya 1976 kila mtu akataka kitu kama kile. Sauti ya kibogoyo ambayo wengi wetu Afrika tuliisikia kwanza bila kujua ni ya Bakithi Kumalo wa Soweto, kwenye albamu ya Graceland ya Paul Simon ya mwaka 1986. Kama umewahi kusikia besi inayoongea kama mtu anayekucheka kwa upole, ni yeye.

Basi nikaamua: inchi 30, na kama sipati iliyotengenezwa bila freti, nitang'oa. Kuzipata zikiwa tayari ni shida. Vibogoyo vingi vinavyouzwa ni vya inchi 34, na vichache vilivyo vifupi vinatoka kwa mafundi wa ng'ambo kwa bei ya pikipiki. Besi fupi zenye freti, kwa upande mwingine, zipo hata kwenye mitumba, kwa sababu wazazi huzinunulia watoto nao watoto wakahamia kwenye simu.

Safari hii nilipima kila kitu. Nilimuuzia kile cheusi jamaa mmoja mrefu, kwa hasara ya shilingi 9,000, na kinamkaa kama koti lililoshonwa. Nikazunguka mwezi mzima na rula mfukoni. Wauzaji walinizoea, mmoja akawa ananiita "madam injinia."

Nilikuwa naangalia nini? Urefu wa uzi kwanza, bila shaka. Kisha upana wa shingo pale kwenye mfupa wa juu. Hapa watu wengi husahau: Precision za zamani zina kama milimita 44, Jazz Bass tangu 1960 ina 38. Kwa mkono mdogo milimita hizo sita unazisikia kila unapovuka kwenda kwenye uzi wa E, kwa sababu kidole gumba kinalazimika kupanda na kifundo kinakunjika. Nilikataa besi mbili za inchi 30 kwa sababu hiyo tu. Unene wa shingo nao unahesabika, lakini sijapata namna nzuri ya kuupima zaidi ya kuushika na kufumba macho.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna namba ya dukani itakayokuambia: je, ukisimama na kuiachia, shingo inaanguka? Besi fupi nyingi zina mwili mdogo mwepesi na vichwa vya kukazia nyuzi vizito, kwa hiyo shingo inashuka, na mkono wa kushoto unageuka kuwa nguzo ya kuishikilia. Mkono unaobeba hauwezi kuteleza, na kibogoyo ni mteremko mtupu. Njoo dukani na mkanda wako. Vaa, simama, piga dakika ishirini, na uzipige nafasi za juu ambako ni kugumu, si kule chini kunakokupa raha. Kama kuna kioo, tazama kifundo chako badala ya uso wako. Muuzaji akikuharakisha, mwage.

Niliyoipata ilikuwa nakala isiyo na jina la maana, inchi 30, freti 19, milimita 38 kwenye mfupa, ubao mgumu mweusi, kilo 3.3 kwenye mizani ya muuza nyama jirani. Shingo ilianguka kidogo. Mkanda mpana wa ngozi, uliokwaruzwa upande wa ndani usiteleze begani, ulimaliza hilo. Shilingi 16,000 baada ya kulia sana.

Kung'oa freti nilimwachia fundi mmoja wa Kariobangi ambaye hutengeneza magitaa na redio katika chumba kimoja. Aliniambia, "Dada, watu huniletea niziweke, wewe wataka nizitoe?" Lakini alijua anachofanya. Alipasha kila freti moto kwa solda ili gundi ilegee, akaivuta polepole kwa koleo, kidogo kidogo, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwenye freti ya saba kipande cha mbao kiliruka, akakitafuta sakafuni kwa magoti akakigundisha. Mifereji ikazibwa kwa vipande vyembamba vya mbao nyeupe. Usikubali iachwe wazi: shingo hupoteza nguvu na inaweza kupinda. Baada ya hapo msasa, siku mbili za msasa. Mjomba aliposikia habari za epoksi ya Jaco akanitumia kopo kutoka kwa mafundi wa mashua Mombasa, na tukapaka mara tatu. Mwisho fundi akaichimba ile mifereji ya mfupa wa juu, kwa sababu bila freti nyuzi huwa zimekaa juu mno na unabonyeza kwa nguvu bure. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi iliyousaidia mkono wangu kuliko zote, na ndiyo wengi huiruka. Jumla, shilingi 5,500.

Mtego mmoja: vile vidoti vya pembeni mwa shingo viliwekwa kwa ajili ya freti, kwa hiyo viko katikati ya mistari, na noti iko kwenye mstari. Nilipiga wiki nzima nikifuata vidoti na kujilaumu kwamba nimekuwa kiziwi. Nikavifunika kwa rangi nyeusi na kuchora vipya.

Nyuzi nilizoweka ni zile bapa, zilizosokotwa kwa utepe laini, kwa sababu za mviringo zinakula ubao kama panya. Hakikisha zimeandikwa kwamba ni za besi fupi. Na ujue kwamba uzi uleule, kwenye noti ileile, ukifungwa kwenye inchi 30 unakuwa na mvuto mdogo kwa asilimia 22 kuliko kwenye inchi 34. Vidole vinashukuru. Uzi wa E unalegea kidogo.

Bado kulikuwa na zile nafasi mbili za juu ambazo programu yangu ilisema hazinifai. Jibu lilitoka kwa yule mzee wa besi kubwa iliyopasuka, ambaye sikuwahi kumuuliza chochote kwa sababu niliona yeye ni wa ala nyingine. Uzi wa besi ya kusimama una urefu unaozidi mita moja. Hakuna binadamu anayeweza kuweka kidole kimoja kwa kila nusu toni pale. Nilimwamkia, nikamwonyesha programu yangu kwenye simu, akaitazama kwa adabu. Kisha akanishika mkono wa kushoto. Kidole cha kwanza, cha pili, halafu cha mwisho kikisaidiwa na cha tatu. Vidole vinne vinafunika toni moja tu, na ukitaka zaidi unahamisha mkono mzima. Ni mfumo wa wapiga besi kubwa tangu enzi za Franz Simandl, yule mwalimu wa karne ya 19 aliyeuandikia kitabu.

"Wewe unatanua," mzee akaniambia. "Usitanue. Hama."

Nikarudi kwenye programu na kubadilisha mstari mmoja. Toni moja kwenye nafasi ya kwanza ya inchi 30 ni milimita 78. Kwenye inchi 34 ni milimita 89, yaani chini ya 105 zangu. Ndiyo, umesoma vizuri: kwa mfumo wa mzee, hata kile cheusi kingenienea. Nilimwambia mjomba kwamba pengine nimepoteza shilingi 9,000 bure. Lakini nimejaribu tena besi ya inchi 34 ya rafiki tangu hapo, kwa vidole vya mzee. Inaenea, ila begani ni nzito, na mkono ukinyooka kufikia nafasi ya kwanza kiwiko kinachoka baada ya nusu saa. Sijutii ile fupi. Ila kama una inchi 34 nyumbani na huna hela ya kununua nyingine, jaribu vidole vitatu kabla hujaitangaza sokoni.

Arusi ilikuwa Desemba 2023, Mji wa Kale. Tulipiga saa nne, na mapumziko ya chakula. Ganzi haikuja usiku ule wala asubuhi yake, ingawa bendeji niliivaa, maana siku hizi naivaa kila nikisikia kifundo kimechoka, hata kama ni kwa sababu ya kibodi. Wakati wa mazoezi ya kwanza mjomba alikuwa amehamisha kiti chake kwenda upande wa pili wa chumba, mbali na amplifaya yangu. Katika wimbo wa tatu wa arusi nilimwona akiinuka na fidla yake, akivuta kiti kwa mguu, na kukaa karibu yangu kabisa. Hakusema kitu. Nilikosa noti mbili kwa kumtazama.

Uzi wa E bado unalegea, hasa wimbo ukiwa wa taratibu. Nimeagiza mnene zaidi. Ukifika nitawaambia kama umesaidia, pamoja na ile hifadhidata.